Kulisha Wadudu wa Shimo Jekundu

Jumatatu, 2 Machi 2009

Daftari hili kanipa Laurencia, mtaalamu wa mradi. Kaniambia, "Bi Arafa, kila siku niandikie mambo matatu tu. Umelisha ndoo ngapi, chupa ina rangi gani, na shimo lina shubiri ngapi." Nikamwambia mwanangu, mie shule niliishia darasa la nne, na mwalimu mwenyewe alikuwa analala. Akasema, "Andika unavyosema." Basi kaniruhusu mwenyewe, asije akalalamika.

Ndoo moja. Chupa nyekundu kama juisi ya rozela. Shimo shubiri nne kutoka mdomoni.

Hayo ndo matatu. Nafasi iliyobaki ni yangu, karatasi haitupwi.

Shimo waliliacha wakandarasi wa mawe. Walikuja na makombora ya zamani ya jeshi, manene kama mitungi ya gesi, wakawa wanayapiga maji ya moto mpaka baruti ya ndani inayeyuka inatoka, hiyo ndo wanapasulia mawe. Maji ya kuoshea wanamwaga shimoni. Kazi ilipokwisha wakabeba kila kitu chao, mpaka vikombe vya chai, maji wakatuachia. Mwanzo yalikuwa meupe tu. Jua likayapiga, yakawa mekundu. Matano aliwafanyia ile kazi ya kuosha, nywele za mbele zikageuka rangi ya chungwa na viganja njano, na bado ndo huyo huyo mlinzi wa shimo. Wanawake wanasema kapaka hina, anatafuta mchumba.

Chini ya shimo, hatua arubaini, nimezihesabu, ndo kwa dada yangu Bimkubwa. Uani kwake kuna kisima, kachimba baba yetu, na kitongoji kizima hapa nyuma ya Kiegeani hatuna maji matamu mengine, mpaka uende bombani Miburani. Laurencia kasema sumu imeanza kupenya chini kwa chini mpaka kisimani, lakini kidogo, sote tusinywe kwa sasa. Tukilimaliza shimo kabla masika hayajashika, kisima kitapona chenyewe. Likifurika, kisima ndo basi.

Watu wa hifadhi ya bahari waliogopa maji yale yasishuke mikokoni, ndo wakaleta mradi. Wao wanaogopa samaki. Mie namwogopea dada.

Jumanne, 3 Machi

Ndoo moja. Rozela. Shubiri nne. Jirani yangu Mwanaharusi kagombana na wifi yake, sababu jogoo.

Alhamisi, 5 Machi

Ndoo moja. Chupa rozela. Shubiri nne na nusu, tunashuka.

Leo Mwanaharusi kaja kunitazama nafanya kazi. Huyu ni mjane, mdomo wake haujui kupumzika, ndo maana tunapatana. Kakaa juu ya jiwe na bakuli lake la mihogo anasema, "Arafa, marehemu mumeo hukumlisha hivi."

Nikamwambia marehemu hakuwa na faida hii.

Kazi yenyewe hivi. Yako matangi matatu meusi makubwa, tumeyashindilia makumbi ya nazi. Makumbi tulileta sisi wanawake mwezi wa tisa, maana kuchuma makumbi na kusokota kamba ndo kazi yetu tangu bibi zetu. Laurencia akatia kinyesi cha ng'ombe na tope la mikokoni, akafunika. Matano anavuta maji ya shimo kwa pampu, yanapita tangi la kwanza, la pili, la tatu, yakitoka yanaingia kwenye kibustani cha majani ya ndago. Mie kila asubuhi nayeyusha sukari guru ndoo moja, nawamiminia wadudu. Sio wadudu wa kuonekana. Kasema wanakula sukari wapate nguvu, halafu wanaivunja ile baruti vipande vipande mpaka si baruti tena.

Nikamwuliza, "Wanakaa wapi, ndani ya maji?"

Akasema, "Humo humo, bi Arafa. Makumbi ndo nyumba yao."

Halafu ile chupa. Maji yanayotoka tangi la tatu anatia kwenye chupa nyeupe, anaweka juani kutwa. Ikiwa nyekundu, baruti bado imo. Ikibaki nyeupe, wadudu wameshinda.

Jumatatu, 9 Machi

Ndoo moja, nimelisha mapema maana leo Maulidi. Chupa kama chai ya rangi. Shubiri tano.

Laurencia ni Mhaya, Mkristo, lakini tulimwalika akaja na kanga kichwani kaivaa upande, tukamrekebisha. Kala pilau sahani mbili. Halafu akamsogelea dada Bimkubwa, kamshika mkono kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, yale maji ya kisimani, unakumbuka nilichokuomba?"

"Nakumbuka. Sinywi. Arafa ananiletea ya bombani."

Kweli nampelekea, ndoo mbili kila siku kichwani kutoka Miburani, shingo yangu inajua. Lakini leo nilipoosha vyombo nyuma ya nyumba nimeona ya bomba kayatia kwenye beseni la kufulia, na mtungi wa kunywa una maji ya kisimani, nayajua kwa baridi yake. Nikamwambia dada, umemdanganya mtoto wa watu siku ya Maulidi.

Akanijibu, "Maji ya bomba yana ladha ya chuma. Maji haya nimenywa miaka sitini na mbili, leo yaniue kwa sababu gani?"

Nikamtazama macho. Meupe yake si meupe. Nilidhani ni taa.

Alhamisi, 12 Machi

Ndoo moja. Chai. Shubiri tano na nusu.

Jumamosi, 14 Machi

Ndoo moja. Chupa kama chai iliyotiwa maji mengi. Shubiri sita.

Laurencia kaishika ile chupa juu anaitazama kama anatazama mtoto aliyepata jino. Akasema makumbi yetu yamefanya kazi kuliko vile vijiwe vya kununua walivyotumia huko alikosomea. Nikasema makumbi ya hapa usiyachezee. Matano akadakia, "Kama wanawake wa hapa." Alikuwa anamtazama Mwanaharusi. Mwanaharusi akamwambia anyoe kwanza zile nywele za chungwa ndo aongee na watu.

Alhamisi, 19 Machi

Ndoo moja. Chai nyepesi. Shubiri saba. Manyunyu asubuhi, hayakulowesha hata kanga. Mvua mwaka huu inachelewa, wakulima wa Miburani wanalia, mie nashukuru kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Jumapili, 22 Machi

Ndoo moja. Chupa nyeupe. Nimeiweka juani tangu asubuhi mpaka alasiri, nikaigeuza na upande wa pili, nyeupe. Matano kasema pengine jua la leo ni dhaifu. Nikamwambia wewe ndo dhaifu. Shubiri nane. Urefu wa shimo lote kumi na mbili, zimebaki nne.

Nikaenda na chupa mpaka kwa dada nimwonyeshe. Kalala, saa kumi jioni. Bimkubwa halali mchana, huyu ndo aliyekuwa anasokota pima ishirini za kamba kwa siku huku anapika. Kasema mwili mzito tu. Nikamwekea chupa pembeni ya kitanda aitazame.

Jumatatu, 23 Machi

Laurencia kaondoka kwa boti kwenda Dar na chupa zake kwenye boksi la barafu, anapeleka maabara. Kaniachia maagizo: lisha, funika vizuri, usiache mfuniko wazi muda mrefu. Atarudi na wageni, wakubwa wa mradi. Wakiridhika watatoa matangi mengine matatu, shimo limalizike haraka kabla mvua haijashika.

Ndoo moja. Nyeupe. Shubiri nane na nusu.

Ijumaa, 27 Machi

Ndoo moja. Nyeupe. Tisa. Laurencia kaniletea ujumbe wa simu: wageni Jumanne. Wageni.

Jumapili, 29 Machi

Leo naandika sana maana leo nimefurahi.

Jana asubuhi nilipofunua tangi la kwanza kulisha, nikatazama ndani kwa macho ya mgeni. Wewe bwana. Makumbi yote yamevaa utelezi, mweusi mweusi, mnene kama kohozi, unanuka mayai viza. Nikasema hii ndo nyumba tunayomkaribishia mkubwa kutoka Dar. Ukialika watu kwako unafagia uwanja, unatandika jamvi, unafukiza udi. Sasa Bwana Obed, mkubwa wa mradi, afunue mfuniko aone haya, atasema wanawake wa hapa wachafu, na matangi mengine hatoi.

Nikamwita Mwanaharusi. Akachungulia, akacheka. "Haya makumbi yameiva, Arafa. Yale tunayofukia pwani yakitoka kwenye tope yananuka hivi hivi. Haya ya kutoa, kupiga, kuosha, kurudisha."

Matano akasema, "Si mmwulize mwenyewe kwanza?"

Nikampigia Laurencia mara tatu, simu haipatikani. Matano akashikilia, "Je wadudu wakimwagika?"

Hapo nilitumia akili. Nikasema wadudu wamo majini, kwa hiyo maji tusiyamwage hata tone. Tukayakinga yote kwenye mapipa na madumu, tukafunika kwa majamvi wasiunguzwe na jua. Mpaka yale yaliyobaki chini ya tangi nimeyachota kwa kikombe.

Leo tumekwenda wanawake kumi na mmoja, na makumbi kwenye matenga mpaka kihorini, pale bahari inapoingia nchi kavu, maji yamejaa. Tumepiga kwa miti kama tunavyopiga siku zote, watatu watatu, mmoja anaimba wengine wanaitikia. Utelezi unatoka vipande vipande, unakwenda na maji. Mwanaharusi anautupia matusi, anasema toka baruti, toka mkandarasi, rudi kwa mama yako. Tulicheka mpaka mmoja wetu kakaa majini. Dada Bimkubwa hakuja, kasema miguu haina nguvu, na huyu ndo fundi wetu sote. Nilitamani awepo, maana yeye ana jicho, akiona pametakata ndo pametakata.

Yakatoka meupe, nakwambia, kama mvi za mzee. Tukayaanika kidogo, tukayarudisha matangini, tukarudisha maji yote. Nikafukiza na udi kidogo pembeni.

Ndoo moja, nimewazidishia na nusu, wasafiri hao wametoka mapipani.

Jumanne, 31 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wageni wamekuja saa nne, wanne. Bwana Obed mtu mnene, mpole, kavaa viatu vyeupe. Kasalimia vizuri, kanywa madafu. Nikawapeleka, nikafunua mfuniko mwenyewe. Kachungulia akasema, "Aisee, pasafi. Hapana harufu kabisa." Nikajiona mrefu.

Laurencia alikuwa nyuma anaongea na Matano. Akaja. Akachungulia. Akatia mkono mpaka kwenye bega, akatoa kumbi moja, akalitazama, akalinusa. Akaenda la pili. Akaenda la tatu.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Arafa, ule utelezi uko wapi?"

Nikasema, "Tumeusafisha, mwanangu. Kwa ajili ya wageni."

"Mmeumwaga wapi?"

"Baharini. Lakini maji tumeyatunza, hata tone halijapotea."

Akakaa chini. Pale pale kwenye mchanga, na suruali yake nzuri. Bwana Obed kamwuliza kama anaumwa, kasema ni jua. Wageni wakazungushwa, wakapiga picha na mie katikati, wakaondoka.

Walipoondoka ndo akanieleza. Ule utelezi ndo wadudu wenyewe. Sio uchafu wao, ni wao, wameshikana mamilioni kwa mamilioni, wamejishikiza kwenye makumbi. Majini wamo wachache, wapita njia. Miezi sita wamejenga, wamejifunza kula baruti, na mie na wenzangu tumewapiga kwa miti huku tunaimba.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kumjibu.

Nikamwambia tuanze upya, kinyesi kipo, tope lipo. Kasema, "Tutaanza kesho. Lakini wanahitaji miezi." Akatazama juu. Upande wa kusini mbingu ilikuwa nyeusi.

Jumatano, 1 Aprili

Kinyesi ndoo sita, tope ndoo sita. Sukari moja. Pampu imezimwa, maji hayaruhusiwi kupita mpaka wadudu wakue. Mvua imenyesha adhuhuri mpaka magharibi. Shimo shubiri nane.

Ijumaa, 3 Aprili

Ndoo moja. Chupa rozela. Shubiri saba na nusu. Mvua.

Jumapili, 5 Aprili

Rozela. Saba. Mvua.

Watu wanauliza wadudu wamepatwa na nini. Wale kumi tulioosha nao hawakuwapo Laurencia aliponieleza. Matano alisikia. Nikamtazama, akatazama pembeni. Mwanaharusi aliponiuliza nikamwambia sijui, wanaumwa labda. Mie huyu, ambaye habari ya mtu hailali kwangu.

Jumanne, 7 Aprili

Ndoo moja. Rozela. Shubiri sita. Laurencia kawapigia Bwana Obed na wenzake, kaomba gari la tangi livuke lije kunyonya maji. Wamemwambia watalifanyia kazi.

Ijumaa, 10 Aprili

Kwao leo ni Ijumaa Kuu, lakini Laurencia hakwenda kanisani Kilindoni. Kutwa kajaza mchanga kwenye viroba pamoja na sisi, tunapandisha ukuta kuzunguka shimo. Nikamwambia mwanangu nenda kasali. Akasema, "Nimesali njiani." Viganja vyake vimechubuka. Mwanaharusi naye kachota mchanga tangu alfajiri, na kila kiroba anakitupa huku anasema, "Huyu binti katuletea wadudu wa mitumba. Wamefanya kazi wiki mbili wamekufa. Angetuambia mapema tungechimba mtaro."

Laurencia alikuwa pale pale, kasikia. Akaendelea kujaza.

Na mie nikaendelea kujaza.

Rozela. Shubiri nne.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Tatu na nusu.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Tatu. Nimemkamata dada anakunywa kisimani kwa kata, wazi wazi, hata hajifichi. Nikampokonya. Akaniambia, "Arafa, usinishike mkono kama mwizi, mie ndo nimekufundisha kutembea." Mkono wake ule niliuona vizuri. Kiganja njano kama cha Matano. Yeye kombora hajapata kuligusa.

Jumamosi, 18 Aprili

Ndoo moja. Nimefunua tangi la kwanza, nimepitisha kidole kwenye kumbi. Utelezi kidogo, kama mate. Nikamwita Laurencia mbio. Akapitisha chake, akatabasamu, mara ya kwanza tangu wageni. Nikamwuliza, "Wanatosha?" Akasema, "Hapana." Lakini alitabasamu.

Shubiri mbili. Wenye gari la tangi wamesema feri imeharibika.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua siku nne haikukatika. Shubiri moja. Matano analala juu ya viroba na koleo, kapata homa, hataki kutoka. Mwanaharusi anampelekea uji. Ingekuwa mwezi uliopita ningeandika kurasa mbili juu ya uji huo.

Ijumaa, 24 Aprili

Shimo limefurika leo, wakati wa sala ya Ijumaa.

Hatukuona viroba vikianguka, havikuanguka. Maji yalipita chini yake, polepole, kama mtu anayetoka kwa adabu. Nilikuwa kwa dada naanua nguo. Nikaona uani pameng'aa. Nikadhani ni mvua tu, maana maji mapya hayana rangi sana, mpaka yalipofika kwenye sufuria jeupe lililokuwa chini ndo nikaona wekundu.

Nikapiga kelele, wanaume wakatoka msikitini wanakimbia na kanzu zimelowa. Tukachimba mtaro kwa majembe, kwa sahani, Laurencia kwa mikono. Tukaupindisha mkondo upande wa mgomba. Ulipinda, halafu mvua ikaongeza, ukarudi njia yake.

Dada Bimkubwa alitoka na kiti akakaa mlangoni. Kisima cha baba kina kingo ya mawe, shubiri mbili tu kutoka chini. Maji yalisimama pale kwenye kingo kama yanabisha hodi. Sote tukasimama na majembe. Halafu yakaingia.

Sauti yake ilikuwa nzuri, ndo kitu kibaya. Sauti ya mtu anajaza mtungi.

Dada akasema, "Haya, ingieni ndani mnalowa."

Jumapili, 26 Aprili

Mvua imekatika. Jua kali. Laurencia kachota kisimani, katia kwenye chupa, kaweka juu ya kile kiti cha dada. Asubuhi nyeupe. Saa sita rangi ya waridi. Alasiri rozela.

Alhamisi, 30 Aprili

Ndoo moja, sijui kwa nini. Shimo limejaa.

Jumamosi, 2 Mei

Tumempeleka dada hospitali. Macho njano kabisa, mkojo kama soda ya koka. Daktari kijana, mpole, kamgonga tumbo, kamtoa damu, kasema ini limekwenda na damu imepungua sana. Nikamwuliza utamtibu na nini. Kasema kumpumzisha, na asinywe tena yale maji. Nikasema na akipumzika? Kaandika andika kwenye karatasi muda mrefu kuliko jibu lenyewe. Kasema tumrudishe nyumbani akae na watu wake.

Jumanne, 5 Mei

Laurencia anaandika ripoti yake barazani kwangu, meza yake imelowa na mvua. Nikamwuliza umeandika nini juu yetu. Akanisomea: mtaalamu hakuwaeleza wahudumu ipasavyo mahali wanapoishi vijidudu, kwa hiyo kosa ni la mtaalamu.

"Si kweli hiyo," nikamwambia.

"Ni kweli, bi Arafa. Nilikwambia makumbi ndo nyumba yao. Sikukwambia wao ndo ukuta na sakafu."

"Mie ndo niliyewaita wenzangu. Mie ndo niliyeona haya kwa wageni."

"Nikiandika hivyo, wakubwa watasema wanawake wa kijijini wasishirikishwe tena. Mahali pengine wataajiri walinzi na kufuli."

"Na wewe watakufanya nini?"

Kasema mkataba wake unaisha mwezi huu na hawajamwambia kitu. Akarudi kwenye karatasi yake.

Nikatoka nikaenda kwa Mwanaharusi. Alikuwa anakuna nazi, anaendelea na wimbo wake wa wadudu wa mitumba. Nikamwambia yote pale pale, nimesimama. Utelezi ulikuwa ni nini. Tuliupeleka wapi. Nimejua tangu siku ile ya wageni na nimenyamaza mwezi mzima huku yule binti anatukanwa mbele yangu.

Mbuzi ya kukunia ikasimama. Akasema, "Na mie nilikuwa nautukana."

Nilimwacha amekaa na kifuu mkononi. Nilidhani kufika jioni kitongoji kizima kitajua. Usiku huu naandika, hakuna aliyejua. Hata Mwanaharusi kuna la kumfunga mdomo.

Jumamosi, 9 Mei

Wamekuja mafundi wawili na saruji. Wameweka bamba juu ya kisima, wamepaka, wameandika kwa rangi HATARI. Dada hakutoka kutazama. Kutoka kitandani kwake mwiko wa mafundi unasikika.

Ndoo moja. Matano kaniambia, "Bi Arafa, mradi umeshafungwa, unawalisha wa nini?" Nikamwambia sijaambiwa niache. Sukari guru imebaki ya siku tatu.

Alhamisi, 14 Mei

Laurencia anaondoka kesho na boti, na daftari hili analichukua, kasema ni la mradi. Nikamwambia mna matusi humo na habari za watu. Kasema atasoma yeye tu. Basi naandika la mwisho, halafu nimpe.

Leo nilimwogesha dada, nikamkalisha na mito mgongoni. Kawa mwepesi, nimemnyanyua peke yangu kama kapu la makumbi makavu. Nilikuwa nimeapa nisimwambie. Nikamwambia. Nikasema dada, wale wadudu hawakufa kwa maradhi. Niliwaua mie. Niliwapeleka kihorini nikawapiga kwa mti.

Nilihesabu kuku wanne wakipita mlangoni.

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Bamvua au maji mafu?"

"Bamvua, maji yamejaa."

"Na hamkuniita."

"Ulikuwa mgonjwa, dada."

"Mngeniita ningekuja," akasema. "Wageni wanakuja, makumbi yananuka, tuyaache vile? Ningekuja. Ningewaonyesha na kuyakamua."

Nikalia, mie nisiyejua kulia, nilikamata ncha ya kitanda. Hakunibembeleza. Akanyoosha mkono wa njano akaomba maji. Nikamtilia ya bombani, kikombe cha bati. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Chuma," akasema, akanirudishia kikombe.